London bila Kumaliza Akiba

Gharama za mapumziko mafupi jijini London hazigawanyiki sawa. Kitanda ndicho hula fungu kubwa, kisha viingilio, kisha chakula. Usafiri wa ndani ya jiji, ambao wageni wengi huuogopa wakiiona tu ramani yake, ndio rahisi kuudhibiti kuliko vyote. Katika mafungu hayo yote, kinachoamua bei mara nyingi ni saa na siku kuliko ubora wa kitu. Chumba kilekile, kiti kilekile cha ukumbi wa tamthilia, safari ileile ya treni hubadilika bei kutegemea mtu kanunua lini na anatumia lini, na mwenye haraka ndiye anayelipa zaidi. Kwa hiyo mpango wa matembezi huanza na kalenda, hufuata ramani, na orodha ya vivutio huja mwisho, ingawa wengi huanza na hiyo orodha.

Januari na Februari ndiyo miezi yenye vyumba vya bei ya chini. Sababu ni baridi, manyunyu yasiyokatika na mchana mfupi. Msafiri wa Mombasa au Dodoma, aliyezoea jua kuchomoza na kuzama karibu saa zilezile mwaka mzima, anapaswa kulizingatia hilo kabla ya kukata tiketi ya ndege. Katikati ya Desemba jua la London huzama kabla ya saa 10 jioni, na mchana mzima ni wa saa nane hivi. Mwishoni mwa Juni mchana hufika saa 16 na nusu. Saa 3 usiku bado watu wanacheza mpira bustanini. Siku moja ya Juni hubeba matembezi ya nje ya siku mbili za Desemba. Anayekuja wakati wa baridi hupata chumba cha nafuu, lakini hana budi kuyapanga matembezi yake: asubuhi na adhuhuri mitaani, alasiri na kuendelea ndani ya majengo. Kwa mwenye uhuru wa kuchagua, majuma ya katikati ya Septemba hadi mwanzoni mwa Oktoba yana nafuu ya pande zote. Shule zimefunguliwa, familia zimerudi nyumbani, foleni zimepungua, na koti jepesi bado linatosha.

Hata ndani ya juma moja bei hupanda na kushuka. City, ile maili ya mraba ya mabenki na makampuni ya bima, huwa na hoteli zinazojaa watu wa kazi kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi. Ijumaa watu hao huondoka, na vyumba vyao huuzwa kwa bei ya chini hadi Jumapili. Mtaa wenyewe wakati huo huwa kimya na baadhi ya migahawa hufungwa, lakini kanisa la St Paul's, Mnara wa London na mto vyote viko umbali wa kutembea kwa miguu. Wakati wa kiangazi hupatikana pia mabweni ya vyuo vikuu, yakiwemo ya LSE, ambayo hupangishwa kwa wasafiri wakati wanafunzi wako likizo. Vyumba ni vidogo na samani ni za kawaida, ila vingi viko katikati kabisa ya jiji.

London imegawanywa katika kanda za nauli: ya 1 iko katikati, nyingine zinaizunguka. Swali la kulala kanda gani ni la hesabu tu. Mwaka 2025, kiwango cha juu ambacho mtu angeweza kukatwa kwa siku nzima ya treni na mabasi kilikuwa pauni 8.90 kwa kanda za 1 na 2, na pauni 10.50 akiongeza kanda ya 3. Tofauti ni pauni 1.60. Hoteli ya kanda ya 3 iliyo karibu na kituo cha treni, ikiwa inapungua kwa pauni 20 tu kwa usiku, imeshalipia tofauti hiyo mara nyingi. Kuvuka kanda hiyo hesabu hugeuka, kwa kuwa kila safari ya kwenda mjini huanza kukaribia saa nzima, na kwa mtu mwenye siku nne hiyo ni hasara kubwa kuliko pesa iliyookolewa.

Wasafiri wengi wa Afrika Mashariki, hata hivyo, hufikia kwa ndugu. Barking iko kanda ya 4. Croydon na Harrow ziko kanda ya 5. Malazi ni bure, lakini mgeni haendi mikono mitupu, na zawadi nazo zina masharti yake: nyama na bidhaa za maziwa kutoka nchi nyingi za nje ya Ulaya, zikiwemo za Afrika Mashariki, haziruhusiwi kuingizwa Uingereza katika mizigo ya msafiri. Kahawa, majani ya chai, korosho na kanga havina matatizo. Anayelala mbali hivyo hupata nafuu zaidi akiondoka nyumbani baada ya msongamano wa asubuhi, kwa sababu zilizoelezwa hapa chini.

Kutoka uwanja wa ndege wa Heathrow kuna njia tatu za reli, na hapo ndipo wageni wengi hupoteza pesa za kwanza. Heathrow Express hufika Paddington kwa dakika 15, na matangazo yake ndiyo makubwa kuliko yote ukumbini. Elizabeth, njia iliyofunguliwa mwaka 2022, huchukua muda mrefu kidogo kwa bei ya kati, na hupita moja kwa moja hadi katikati na mashariki ya jiji bila kubadilisha treni. Piccadilly, ya polepole kuliko zote, huchukua karibu saa nzima na ndiyo rahisi kwa mbali: mwaka 2025 ilikuwa pauni 5.80, wakati tiketi ya Express inayonunuliwa siku hiyohiyo ilikuwa zaidi ya mara nne ya hapo. Isitoshe, Paddington si mwisho wa safari. Wengi hulazimika kupanda treni nyingine wakiwa hapo, na zile dakika zilizookolewa huishia kwenye ngazi na korido. Kwa mtu mwenye begi moja, Piccadilly inatosha. Kwa familia yenye masanduku manne, Elizabeth ina mabehewa mapana na thamani yake inaonekana.

Malipo ya usafiri hufanywa kwa kadi. Mabasi ya London hayapokei fedha taslimu tangu Julai 2014. Kuna kadi ya Oyster, iliyoanza mwaka 2003, ambayo hununuliwa na kujazwa salio, na kuna kadi yoyote ya benki ya kugusisha, au simu iliyounganishwa na kadi hiyo. Nauli ni zilezile. Tofauti ni kwamba benki ya nyumbani inaweza kuongeza makato yake ya fedha za kigeni, jambo la kuuliza tawini kabla ya kuondoka. Kila mtu lazima awe na kadi yake, mke na mume hawawezi kugusisha moja. Na anayeanza siku kwa kadi aendelee na kadi hadi usiku, kwa kuwa mashine huihesabu simu kama msafiri mwingine hata kama pesa zinatoka akaunti ileile.

Kwenye treni kadi hugusishwa wakati wa kuingia na wa kutoka. Kwenye basi ni kuingia tu. Anayesahau kugusisha wakati wa kutoka kituoni hukatwa nauli ya juu kabisa, kwa sababu mtambo haujui kaishia wapi. Yaliyobaki mfumo hujihesabia wenyewe. Ukifikia kikomo cha siku, safari zinazobaki ni bure. Kuna pia kikomo cha juma, kinachohesabiwa Jumatatu hadi Jumapili, ambacho ni sawa na vikomo vya siku tano hivi. Mgeni anayewasili Alhamisi na kuondoka Jumatano hukatwa juma lake vipande viwili na hafaidiki nacho. Anayewasili Jumatatu hufaidika. Saa za msongamano, siku za kazi, ni saa 12:30 hadi 3:30 asubuhi na saa 10 jioni hadi saa 1 usiku. Ndani ya kanda ya 1 tofauti ya nauli ni ndogo mno. Kutoka kanda za mbali ni kubwa. Watoto chini ya miaka 11 hawalipi wakiwa na mtu mzima, na wenye miaka 11 hadi 15 wanaweza kuwekewa punguzo la nusu kwenye Oyster kwa wafanyakazi wa kituoni, bila karatasi nyingi.

Basi ndilo lenye thamani kubwa kuliko chombo chochote cha jijini. Mwaka 2025 nauli yake ilikuwa pauni 1.75 kwa umbali wowote, na kikomo cha siku kwa mabasi pekee pauni 5.25. Nauli moja hudumu saa nzima tangu mguso wa kwanza, hata mtu akibadilisha mabasi matano. Namba 15 inaonyesha jinsi ya kulitumia hilo. Msafiri hupanda Trafalgar Square saa 4:00 asubuhi, akapanda ngazi hadi ghorofa ya juu, kiti cha mbele kabisa, penye kioo kipana kama cha duka. Basi hupita Strand, likapita mbele ya mahakama kuu zenye minara ya kijivu, likaingia Fleet Street, ile iliyokuwa makao ya magazeti, na kuba la St Paul's linaanza kujitokeza mbele. Hapo anashuka, anazunguka kanisa kwa nje, anapiga picha. Saa 4:50 anapanda namba 15 nyingine kuelekea Mnara wa London, na mashine inamwonyesha taa ya kijani bila kumkata hata senti. Angechelewa hadi saa 5:05 angelipa upya. Mabasi ya watalii yaliyo wazi juu hupita sehemu kubwa ya mitaa hiyohiyo kwa zaidi ya mara kumi ya bei hiyo. Ziada yake ni maelezo ya kwenye spika. Namba 9, kutoka Aldwych hadi Hammersmith, huonyesha Piccadilly, Hyde Park na Royal Albert Hall. Namba 24 hutoka Pimlico ikapita Westminster na Camden hadi ukingoni mwa Hampstead Heath.

Ramani ya treni za chini ya ardhi, kwa upande wake, hudanganya. Harry Beck aliichora mwaka 1931 kwa kunyoosha njia na kusawazisha nafasi kati ya vituo, na ndiyo iliyoirahisisha, lakini umbali wa kweli ulipotea humo. Leicester Square na Covent Garden zimeachana kwa mita 300 hivi. Anayezitembea kwa miguu hufika kabla ya mwenzake aliyeshuka chini, akasubiri treni, kisha akatoka kwa foleni ya lifti au kwa ngazi 193 za kuzunguka. Katikati ya jiji, safari ya kituo kimoja au viwili ni ya kutembea.

Majumba ya makumbusho ndiyo hazina kubwa ya mgeni mwenye pesa za kiasi. British Museum ilianzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1753 na kufunguliwa 1759, na isipokuwa kwa miezi michache ya mwaka 1974 haijawahi kutoza kiingilio cha kawaida. Baadhi ya majumba mengine ya taifa yalianza kutoza katika miaka ya 1980. Serikali ikayaondoa malipo hayo tarehe 1 Desemba 2001. Leo National Gallery, Tate, Victoria and Albert, Science Museum, Natural History Museum na mengineyo huingiwa bure na yeyote, mwenyeji au mgeni, bila kuonyesha kitambulisho. Sanduku la mchango lililopo mlangoni ni la hiari, ingawa mashine yake ya kadi imewekwa mahali ambapo mtu anaweza kudhani ni lango la malipo. Maonyesho maalumu ya muda ndiyo hutozwa, na mara nyingi si hayo yaliyomleta mgeni. Katika siku za pilika ni vyema kuweka nafasi ya bure mapema kupitia tovuti, kwa kuwa wenye nafasi hupita foleni fupi.

Kosa la kawaida ni kutaka kuyamaliza. British Museum ina vitu milioni nane hivi, na vilivyo wazi kwa watazamaji ni kama 80,000. Mtu akitazama kila kimoja kwa nusu dakika tu, atahitaji zaidi ya siku 27 bila kulala wala kula. Ni bora kuchagua vyumba vitatu au vinne, kuviona vizuri na kutoka. Kwa kuwa mlango ni bure, kurudi kesho hakuna gharama. Kwa msomaji wa Kiswahili hazina hiyo ina mambo ya nyumbani. Humo kimehifadhiwa kifaa cha jiwe kutoka Olduvai chenye umri wa karibu miaka milioni 1.8, miongoni mwa vitu vya kale kabisa vya kutengenezwa na mkono ambavyo jumba hilo linavyo, na vigae vya vyungu vilivyookotwa Kilwa Kisiwani. Vyote viwili viliingia katika vitu 100 ambavyo jumba hilo na BBC walivitumia mwaka 2010 kusimulia historia ya dunia. Mjadala wa vitu vya Afrika kukaa Ulaya uko palepale, na mtazamaji hazuiwi kuubeba kichwani anapopita.

Saa za usiku husaidia sana. Ijumaa British Museum hufunga saa 2:30 usiku, National Gallery saa 3, na Victoria and Albert saa 4. Wakati huo makundi ya wanafunzi yameshaondoka, na mchana wa siku hiyo umebaki huru kwa mambo ya nje. Katika majira ya baridi, Ijumaa moja iliyopangwa vizuri ni sawa na siku moja na nusu. Majumba madogo nayo hayastahili kuachwa. Nyumba ya msanifu John Soane, Lincoln's Inn Fields, imeachwa jinsi alivyoiacha alipofariki 1837, kwa agizo la sheria ya Bunge aliyoipigania mwenyewe. Vyumba vimejaa sanamu na vioo hadi darini, na kuingia ni bure. Makumbusho ya Docklands, ndani ya ghala la zamani la sukari, ina sehemu iliyofunguliwa 2007 inayoeleza wazi jinsi London ilivyotajirika kwa utumwa. Wanaofika huko ni wachache, na ni pazuri kuliko maeneo mengi yenye foleni.

Yanayotozwa huhitaji uamuzi mkali zaidi, kwa sababu kiingilio cha mahali pamoja mashuhuri hukaribia pauni 30 au kupita. Westminster Abbey ni mfano mzuri. Ibada ya jioni yenye kwaya, kwa kawaida saa 11, ni bure kwa yeyote anayekuja kusali au kusikiliza, na sauti za kwaya ile chini ya dari ile zina thamani kuliko kifaa cha maelezo masikioni. Lakini ibada si matembezi: mtu huketi, na hawezi kuzungukazunguka makaburini. Anayetaka kuliona kaburi la mmisionari David Livingstone lazima alipe. Livingstone alifariki mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo, na mwili wake ukabebwa kwa miguu na wasaidizi wake Waafrika, Susi na Chuma wakiwaongoza, hadi Bagamoyo. Kutoka pwani ulipelekwa kwa meli, na ukazikwa katika Abbey tarehe 18 Aprili 1874. Jacob Wainwright, mmoja wa waliokuwa katika msafara huo, alikuwa miongoni mwa walioshika jeneza siku ya mazishi. Maandishi ya juu ya kaburi yanasifu mikono ya uaminifu iliyomleta. Majina ya wenye mikono hiyo hayapo. Kwa aliyewahi kuuona mnara wa kanisa la zamani la Bagamoyo, mwili ulikolazwa usiku mmoja, tiketi hiyo inafaa. Kwa mwingine, ibada inatosha.

Mnara wa London, ngome iliyoanzishwa na William Mshindi baada ya mwaka 1066, hulipa bei yake ikiwa mtu ataupa nusu siku. Dawa yake ni kufika mlango unapofunguliwa na kwenda moja kwa moja kwenye mataji ya kifalme, ambayo saa tano asubuhi huwa na foleni ya kuchosha, kisha kurudi langoni kujiunga na matembezi ya walinzi wa Mnara, ambayo yamo ndani ya kiingilio. Kubadilishana zamu kwa walinzi wa kasri la Buckingham hakulipiwi, lakini umati ni wa mabega kwa mabega na wengi huona kofia tu. Wapanda farasi wa Horse Guards, umbali mfupi kutoka hapo, hubadilishana saa 5 asubuhi (Jumapili saa 4), na mtazamaji anaweza kusimama hatua chache kutoka kwenye farasi.

Kadi za jumla zinazouzwa kwa watalii, zenye kuahidi vivutio vingi kwa bei moja, huleta faida kwa mtu anayeingia sehemu tatu za kulipia kwa siku, kila siku. Mwendo huo ni wa kukimbia. Wanaozinunua wakaishia kuingia mbili na kupumzika alasiri wamepata hasara, na wapo wengi.

Kuiona London kutoka juu ni jambo ambalo bei na thamani vimeachana kabisa. Jukwaa la jengo la The Shard liko mita 244 na huuzwa ghali. Horizon 22, iliyofunguliwa 2023 katika jengo la 22 Bishopsgate, iko mita 254 na ni bure. Sky Garden, orofa za juu za jengo la Fenchurch Street, nayo ni bure, na ina miti ndani. Zote mbili huhitaji kuwekewa nafasi mtandaoni, na nafasi hutolewa kwa awamu wiki kadhaa kabla na kuisha upesi, hasa za jua linapozama. Hilo ndilo jambo la kwanza la kufanya mara tarehe za safari zinapojulikana, hata kabla ya kuchagua hoteli. Asiyepata nafasi hupanda Primrose Hill au kilima cha Greenwich, ambako hakuna kuweka nafasi. Ngazi 311 za The Monument, nguzo ya kumbukumbu ya moto mkubwa wa 1666, zina kiingilio kidogo, na anayefika juu hupewa cheti.

Matembezi bora ya mjini hayana lango. Ni njia ya kusini ya mto Thames kutoka daraja la Westminster hadi Tower Bridge, kama kilomita nne, isiyo na magari. Inaanza mkabala na Bunge, hupita gurudumu la London Eye, kisha Royal Festival Hall ya mwaka 1951, ambayo ukumbi wake wa chini uko wazi kwa wote, una viti, joto na vyoo safi. Mbele kuna Tate Modern ndani ya kilichokuwa kituo cha umeme, na jirani yake Globe, ukumbi uliojengwa upya kwa mfano wa ule wa Shakespeare na kufunguliwa 1997. Globe huuza tiketi za kusimama za bei ya chini sana. Mvua ikinyesha hulowesha waliosimama, na miavuli hairuhusiwi, lakini hao ndio walio karibu zaidi na waigizaji. Jukwaa hilo lilisikia Kiswahili mwaka 2012, wakati kundi kutoka Kenya lilipoigiza The Merry Wives of Windsor katika tamasha la tamthilia 37 kwa lugha 37. Kwa kumbi za West End, kibanda cha TKTS pale Leicester Square huuza viti vya siku hiyo na siku chache zijazo kwa punguzo, na kumbi nyingi huwa na viti vichache vya asubuhi vya bei ya chini. Jumatatu hadi Alhamisi ni rahisi kuliko Jumamosi.

Chakula kinahitaji maarifa machache tu. Mchana, maduka makubwa kama Tesco na Sainsbury's huuza sandwichi, kitafunio na kinywaji kwa bei moja isiyofika pauni tano, na bustani ziko kila upande. Sehemu zenye leseni ya kuuza pombe zinawajibika kisheria kutoa maji ya bomba bure kwa mteja anayeyaomba, nayo ni salama. Mkahawani, bili huja ikiwa imeshaongezwa huduma, mara nyingi asilimia 12.5, ni ya hiari, na aliyehudumiwa vibaya anaweza kuomba iondolewe. Hakuna sababu ya kuacha bahashishi nyingine juu yake.

Usiku ni heri kutoka katikati ya jiji. Tooting kuna migahawa ya chakula cha India ya kusini, Edgware Road ya Kilebanoni, Brixton na Peckham ndizi za kukaanga, samaki na viazi vikuu. Ealing Road, Wembley, ni pa pekee kwa mtu wa Afrika Mashariki. Huko walihamia wengi wa Waasia walioondoka Kenya mwishoni mwa miaka ya 1960 na waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972, na walibeba mapishi ya Nairobi na Kampala. Menyu zina muhogo wa kukaanga wenye pilipili na ndimu, ulioandikwa "mogo", na muuzaji wa makamo husikika akisalimia wateja kwa Kiswahili kisichopungukiwa na kitu. Nyama ya halali hupatikana katika mitaa hii yote bila kutafuta.

Pesa nyingine huvuja kwa njia ndogondogo. Vibanda vya kubadili fedha uwanjani hutoa viwango vibaya. Pauni chache za kuanzia zinatosha, na kwa kuwa maduka mengi hupokea kadi tu, mgeni anaweza kumaliza safari bila kushika noti. Mashine ya malipo ikiuliza kama mteja alipe kwa pauni au kwa shilingi, jibu ni pauni: shilingi hiyo huhesabiwa kwa kiwango cha mwenye mashine. Kuomba kurudishiwa kodi ya manunuzi madukani hakupo tena England, Scotland na Wales tangu mwisho wa 2020, kwa hiyo anayenunua koti au viatu hulipa bei yote, kodi ya asilimia 20 ikiwa ndani. Vyoo katika vituo vikubwa vya reli ni bure tangu 2019.

Siku ya kuondoka, hoteli nyingi hukubali kutunza mizigo baada ya funguo kurudishwa, na saa hizo hufaa kwa jumba la karibu la makumbusho. Mwishoni mwa juma njia za treni hufungwa mara kwa mara kwa matengenezo, hata zile za uwanja wa ndege. Taarifa hutolewa siku kadhaa mapema, na anayeiangalia Alhamisi hupata muda wa kuchagua njia nyingine ya bei ileile, badala ya kuita teksi Jumapili asubuhi.